Kushoto Moja, Kulia Moja

Usiku ule nilibandika mbao tisa za ubavu wa kulia bila kuinua kichwa. Mke wangu alikuwa amekwenda Nyamirambo kwenye arusi ya jamaa zake, umeme haukukatika, nyumba ilikuwa kimya, nami nikaona nafasi ndiyo hii. Ubao ulitoka kwenye beseni la maji ya moto ukiwa umelainika kama utepe. Niliukunja taratibu juu ya mataruma, nikaupaka ile gundi nyeupe ya maseremala, nikaubana kwa vibanio vya kuanikia nguo, nikahesabu hadi mia, nikachukua mwingine. Saa nane za usiku nilikwenda kulala nikinuka gundi na kujiona fundi.

Asubuhi nikaiinua ile meli na kuitazama kwa jicho moja kutoka omo hadi tezi, kama nilivyokuwa nikimwona ami akifanya ufukweni Nungwi. Mkuku ulikuwa umepinda. Ulikuwa umeinama kulia kama ndizi mkono wa tembo, na tezi nayo imejinyonga kidogo, ikionekana kama mtu anayegeuka kutazama nani amemwita. Nikaiweka mezani na kujaribu kuinyoosha kwa mikono. Ikanyooka. Nikaiachia. Ikarudi pale pale.

Nyumba yetu iko Kagugu, mgongoni mwa kilima, upande wa kaskazini wa Kigali, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama barazani unaona vilima vingine, na nyuma yake vilima tena. Maji yaliyo karibu ni yale ya bondeni na ya mapipa chini ya mabati. Mahali pa ajabu pa kuunda meli, na majirani waliniambia hivyo kwa upole wa Kinyarwanda, yaani kwa kuuliza habari zake kila wiki bila kucheka mbele yangu.

Kazi hii ya meli sikuitafuta. Ninafundisha Kiswahili. Mwaka 2017 Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, watu wa maofisini walianza kutafuta walimu, na wageni nao wakafuata. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa mhandisi Mbelgiji aliyepanga nyumba Gacuriro. Mkataba wake ulipokwisha alikuja kuniaga na sanduku la kadibodi mikononi, pana kama sinia la pilau ya arusi. Akaniambia, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, "Mwalimu, wewe mtu wa pwani, utaweza." Watu wa bara na wageni wana imani kwamba kila aliyezaliwa Unguja anajua vyombo. Mimi niliondoka Nungwi nikiwa na miaka 12 kwenda kusoma mjini, na sijapata kupigilia msumari mmoja katika jahazi. Niliona haya kukataa.

Ndani mlikuwa na meli nzima iliyolala vipande vipande. Mkuku wa plaiwudi, mataruma yaliyokatwa kwa leza na kila moja namba yake ubavuni, fito za mti laini wa Ulaya uitwao tilia, nene milimita 1.5 na pana milimita 5, kitambaa cha tanga, nyuzi za unene mbalimbali, na kapi ndogo kuliko punje za mchele. Kulikuwa na michoro mikubwa na kijitabu cha hatua kwa hatua. Jambo moja tu lilikuwa limeharibika. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mgeni wangu, alipokuwa anahamia huku, alisikia kwamba mifuko huchukuliwa uwanja wa ndege. Basi vile vifaa vidogo vyote alivitoa katika vifuko vyake vyenye namba na kuvimimina katika bahasha tatu za kaki. Namba zilikuwa kwenye vifuko, na vifuko vilibaki kwao.

Meli yenyewe ilikuwa Beagle, brigi ya Kiingereza iliyoshushwa majini Woolwich, katika mto Thames, mwaka 1820, ile iliyomzungusha Charles Darwin duniani kati ya 1831 na 1836. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 27 na ushei. Yangu ni moja kwa sitini, kwa hiyo kiwiliwili chake hakifiki nusu mita. Meli za aina hiyo zilijengwa zaidi ya 100, na nyingi mno zilizama hata mabaharia wakaziita majeneza. Hilo nililisoma nikiwa nimeshaanza. Pengine ingekuwa heri nilisome kabla.

Mke wangu alipoliona sanduku aliuliza nani aliyepata kusikia meli ikija bara kwa sanduku. Nikamjibu kwamba iko, tena aliipanda bibi yake. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya chuma yenye urefu wa mita 71, kisha kikaifungua yote na kuipakia katika masanduku 5,000. Masanduku yakaenda Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda treni hadi Kigoma, na huko mafundi watatu wa Papenburg pamoja na vibarua wengi, ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika, wakaiunga upya. Februari 1915 ikaingia ziwani. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza wakaiibua 1924, grisi ikakutwa imefanya kazi yake, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, na hapo ndipo Rwanda inapoingia. Götzen ndiye Mjerumani aliyeanza safari Pangani mwishoni mwa 1893, akavuka nchi hii mwaka 1894 na kukutana na Mwami Kigeri Rwabugiri, akatokea Kivu. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani na ndiye aliyeizima Maji Maji kwa moto na njaa. Sioni kwa nini mtu kama huyo apewe meli. Ila mimi nilichukua faraja katika yale masanduku 5,000. Mimi nilikuwa na moja, na bado nilipotea njia.

Kwanza nilijidanganya kwamba mpindo ule utanyooka. Nililowesha kiunzi chote, nikakibana kati ya mbao mbili zilizonyooka, nikakipandishia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya Kinyarwanda na ya Kifaransa, nikakiacha wiki nzima. Nilipokitoa kilikuwa kimenyooka nusu. Siku mbili baadaye kikawa ndizi tena. Ilikuwa Julai, katikati ya kiangazi, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari, na mti ulikuwa unakauka huku ukivuta.

Nikakipeleka Gakinjiro, kule Gisozi. Kutoka Kagugu hadi Gisozi, ambako maseremala wa Kigali wamejaa, ni mwendo mfupi wa pikipiki, lakini ujaribu kupanda pikipiki umekumbatia mbavu za meli kifuani na kofia ngumu kichwani. Dereva aliniuliza kama ni samaki. Fundi ninayemfahamu alijifunza useremala Goma na anazungumza Kiswahili cha kule, kile ninachowakataza wanafunzi wangu mchana na kukipenda jioni. Akakizungusha kile kiunzi mikononi, akakinusa, akasema, "Mwalimu, hii mbao iko inavutana na mwenzake ambaye hayupo." Alikuwa amesema kila kitu, nami sikumsikia. Nilimsikia mtu asiye na dawa.

Alichokitazama zaidi ni fungu la pili la mbao nililomwonyesha. Meli za namna hii huvikwa mara mbili. Kwanza zile fito nene za tilia, ambazo hakuna atakayeziona, kisha juu yake vipande vyembamba kama gamba la kitunguu, milimita 0.6, vya mti mzuri. Fundi akapitisha ukucha kwenye kimoja, akakigeuza juani ili mistari yake ing'ae, akacheka. "Hii ni ya kwetu." Nikatazama karatasi ya vifaa. Kweli, ilikuwa sapele, mti wa misitu ya Kongo na Uganda na kuendelea magharibi, ambao magogo yake huvuka bahari kwenda Ulaya. Ule uliokuwa mkononi mwake ulikwenda Ulaya ukiwa gogo, ukachanwa mwembamba kuliko kadi ya simu, ukafungwa kwa utepe, ukarudi Afrika ndani ya sanduku la kuchezea. Fundi hakuona uchungu wowote katika hilo. Alichotaka kujua ni msumeno gani unaoweza kuchana milimita 0.6 bila kupasua.

Jioni ile nikampigia ami.

Ami yangu ni mdogo wa marehemu baba. Ameunda majahazi na mashua Nungwi tangu akiwa kijana hadi macho yalipomchoka, na sasa kazi yake ni kukaa kivulini na kuwasahihisha wenzake. Tulipokwisha shikamoo na marahaba na habari za huko milimani, nikamwambia chombo changu kimepinda.

"Unacho chombo?"

Nikamweleza. Ilichukua muda. Nilipofika kwenye vibanio vya nguo akaguna.

"Ulianza upande gani?"

"Wa kulia, ami."

"Na wa kushoto?"

"Bado."

Kimya. Kisha nikasikia simu ikisogezwa mbali na mdomo na sauti yake ikiwaambia watu wengine, "Kabandika upande mmoja! Mbao tisa!" Kicheko kilichofuata kilikuwa cha baraza nzima. Kuna mtu alikohoa kwa kucheka. Nilisubiri kwa adabu.

"Bandua," alisema aliporudi.

"Zote?"

"Bandua, mwanangu. Halafu kushoto moja, kulia moja. Kwani wewe ulikuwa hutuoni?"

Nilikuwa nawaona. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, zaidi hata ya mbao zenyewe. Nikiwa na miaka saba au minane nilikuwa nikitoka chuoni, nikitupa juzuu yangu nyumbani na kukimbilia pwani, nikae chini ya mkungu kuwatazama wakiunda. Mtu mmoja alikuwa ubavu huu wa jahazi na mwenziwe ubavu ule, hawaonani, chombo kiko katikati yao kama ukuta. Huyu anapiga nyundo mara tatu na kuita neno, yule anajibu neno na kupiga mara tatu. Kisha kimya, tezo inachonga, keekee inazunguka, halafu tena, tatu na tatu. Sisi watoto tulikuwa tukipiga makofi kufuatisha. Nimewahi hata kuandika insha shuleni, nikiwa kidato cha pili, juu ya nyimbo za mafundi wa Nungwi, na mwalimu akanipa alama nzuri.

Nikampigia tena siku ya pili. "Ami, yale maneno mliyokuwa mkiitana, nilidhani mnaimba."

"Tulikuwa tukihesabu," alisema.

Ubao uliokwisha kaa ubavu huu, ukiwa bado na unyevu na ukiwa umekunjwa, unavuta. Huna njia ya kuuzuia usivute. Unachoweza ni kuuwekea mshindani, wa kimo kile kile na unyevu ule ule, upande wa pili, kabla wa kwanza haujakauka. Wale wawili walikuwa hawaonani, ndiyo maana waliitana. Nimelieleza jambo hili katika sentensi nne, na nililitazama kwa miaka mitano nikipiga makofi.

Nikabandua. Gundi nyeupe hulainika kwa maji ya moto, kwa hiyo unaweka kitambaa cha mvuke juu ya ubao, unasubiri, unaingiza kisu butu pembeni na kuusukuma kama unayemenya yai. Saba zilitoka nzima, mbili zikakatika. Fundi wa Gakinjiro alinichania nyingine mbili kutoka kwenye vibao vya msonobari, nene kidogo, nikazipunguza kwa msasa. Kisha nikaanza upya, kushoto moja, kulia moja, kwa sauti. Mke wangu alirudi siku moja na wageni wakanikuta nimejiinamia mezani nikisema "kushoto nne... kulia nne," na akawaambia kwamba ninafanya uradi.

Hapo nikagundua kosa la pili. Niliona mbao zote zina upana mmoja, milimita 5, nikadhani zitakaa zote kwa upana huo. Lakini meli tumbo lake ni pana na omo yake ni nyembamba. Nilipopima kwa uzi juu ya taruma kubwa la katikati nilipata milimita 85, yaani mbao 17 zikikaa bega kwa bega. Nilipopima kule omo nilipata milimita 51. Mbao ni zile zile 17, kwa hiyo kila moja inatakiwa ifike pale ikiwa na milimita 3, si 5. Usipozipunguza zitagombea nafasi, zitapandana, na utaishia kuzikata ncha na kujaza mapengo kwa vijiti, kama mtu anayeshona kanzu kwa viraka. Kijitabu kilisema tu "punguza panapohitajika." Nikauliza Nungwi inafanywaje bila mchoro. Ami akajibu wanatumia kamba na mkaa, na ubao wenyewe hukuonyesha unapotaka kupungua ukiuegemeza pale kabla hujaubana. Nilijaribu. Kweli, ukiulaza bila nguvu unapanda wenyewe juu ya mwenzake kwa kipande fulani, na pale unapopanda ndipo unapopaswa kunyolewa.

Jambo lililomkera ami hasa halikuwa mbao. Ni mataruma. Alipoelewa kwamba nilisimamisha mbavu zote kwanza, zikiwa na umbo lililokwisha kukatwa na mashine, ndipo nikazivika mbao, alinyamaza. Wao hulaza mkuku, wakasimamisha omo na fashini, wakaanza kupandisha mbao za chini, na taruma huja baadaye, limechongwa kwa tawi la mwembe lililopinda lenyewe, likatafutiwa mahali linapokaa ndani ya umbo ambalo mbao zimekwisha kulipata. Mtepe nao, ule wa zamani uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, ulianza kwa mbao vilevile. Mtepe mmoja mkubwa ulioundwa kwa mfano wa ile ya kale ulikuwa ndani ya Beit al Ajaib mjini Unguja. Niliutazama mara nyingi nikiwa mwanafunzi, na ninakumbuka upana wa zile kamba kuliko kitu kingine. Jengo likaporomoka sehemu yake siku ya Krismasi ya 2020.

"Sasa hilo umbo kalipanga nani?" ami aliuliza.

"Aliyechora, ami. Waingereza, miaka 200 iliyopita."

"Basi wewe unavalisha tu."

Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Lakini nikajitetea moyoni, na bado najitetea. Hata kuvalisha kuna kazi yake. Ukingo wa kila taruma inabidi uuchonge kwa tupa ukae mshazari, ili ubao ulale juu yake wote na si kwenye ncha tu, na kiasi cha kuuchonga hakimo katika mchoro wowote. Unaulaza ubao, unatazama mwanga unapita wapi, unaondoa kidogo, unaulaza tena. Taruma la sita upande wa kushoto nililipitisha tupa mara kumi na moja. La saba mara mbili. Sijui kwa nini.

Kipindi kile nilikuwa na darasa la watumishi wa ofisi fulani, watu wazima, wenye bidii. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa kufundisha: ngeli zote kwanza, miezi mitatu, upatanisho wote, ndipo mazungumzo. Siku moja mmoja wao, aliyeweza kuniandikia ubaoni upatanisho wa ngeli ya KI-VI bila kosa, alikutana nami pale sokoni Kagugu akinunua nyanya kwa mama mmoja kutoka Bukavu. Akakwama. Akatumia vidole. Sitaki kulazimisha mfano, meli ni meli na darasa ni darasa, lakini muhula uliofuata nilibadilisha utaratibu. Somo moja la ngeli, na siku hiyo hiyo sokoni. Wanafunzi walilalamika kwamba daftari zao zimevurugika, na wawili waliacha. Waliobaki wanatukana kwa upatanisho sahihi.

Mvua za Septemba zilipoanza meli yangu ilikuwa imevikwa tilia pande zote mbili, mkuku umenyooka isipokuwa kasoro ndogo inayoonekana ukiijua. Vile vipande vilivyopotea kwenye bahasha za kaki nilivitengeneza upya kwa vijiti vya mishikaki. Kigali ina burusheti kila kona, na kila Ijumaa jioni nilikuwa nakusanya vijiti mezani, navikosha, navichonga kuwa vigingi vya kufungia kamba. Watu wa baa ya karibu walidhani ninahesabu ili nisidhulumiwe. Kapi zilizopungua nikazifidia kwa shanga za mke wangu, kwa idhini. Sapele ikaja juu, ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi, ikang'aa wekundu ule ule wa barabara ya Kagugu baada ya mvua.

Ilipofika kuandika jina nyuma, nilisita. Katika kusoma nilikuwa nimekutana na Barracouta, brigi ya aina ile ile ya Beagle. Kati ya 1822 na 1826 Kepteni William Owen alizunguka pwani za Afrika na meli mbili, Leven na Barracouta, akichora ramani ya kila hori na mwamba, huku homa ikiwamaliza watu wake. Desemba 1823 Barracouta iliingia Mombasa. Februari 1824 Owen mwenyewe akaja, akawakuta Wamazrui, watawala wa mji huo waliokuwa wakibanwa na Sayyid Said, wamekwisha pandisha bendera ya Kiingereza waliyojishonea wenyewe, akawapa ulinzi ambao London haikuuthibitisha, na 1826 ukakwisha. Yaani kiunzi kilichoko mezani kwangu, ukiondoa jina na mlingoti wa tatu ambao Beagle iliongezewa 1825, ndicho kile wazee wetu walichokiona kikiingia Mombasa. Ningeandika Barracouta. Lakini hiyo ni meli iliyokuja kutupima. Ningeandika Beagle, nayo haikupata kufika kwetu. Kibao cha jina mpaka leo ni kitupu.

Aliyeniondoa katika mawazo hayo ni mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, ambaye kwa miezi sita alikuwa akija kusimama mlangoni na kuitazama bila kugusa. Yeye huiita *ubwato*, chombo cha maji, tu. Jumamosi moja, tuliporudi kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tukiwa na udongo hadi magotini, aliniuliza swali ambalo hata ami hakuwa ameliuliza: inaelea?

Meli za sanduku hazikuundwa zielee. Hukaa juu ya kabati zikafutwa vumbi. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyepika wali miezi sita na sasa anasema si wa kuliwa. Akaenda kwao akarudi na karai kubwa la kufulia, na maji ya pipa, na wadogo zake wawili.

Nikaichukua, milingoti ilikuwa bado, nikaiweka. Ikazama vidole viwili, ikasimama. Hakuna aliyepumua. Kisha polepole, bila haraka yoyote, ikalalia kulia.

Mtoto akakimbia barabarani, akarudi na kiganja cha changarawe nyekundu. Akazitupia moja moja kupitia tundu la ngama, akizisukuma upande wa kushoto kwa kijiti cha mishikaki, akitazama ukingo wa maji baada ya kila moja. Ya kumi na nne ikainyoosha. Sikumfundisha, wala sikumwambia kwamba kitu hicho huitwa farumi. Nilimwambia baadaye, akalirudia mara mbili, kwa sababu l na r humchanganya. Changarawe zile nilizibandika humo kwa gundi, nikafunika tundu kwa kifuniko chake, nazo zimo hadi leo.

Usiku nikampigia ami kumwambia inaelea.

"Ililalia wapi kabla ya farumi?"

"Kulia."

Akafikiri. Nikasikia bahari nyuma yake, au pengine ni upepo wa simu.

"Ule ubao wa pili kutoka chini, ubavu wa kulia," alisema. "Huo uliubana ungali umelowa sana."

Nimekwenda kuutazama mara kadhaa kwa taa. Hauonekani, sapele imekwisha kuufunika.